Mtawa wa Kukodi

Bristol, 2 Mei 1973

Baba mpendwa,

Nimepata barua yako ya Pasaka. Umeiandika kama mtu anayetozwa kwa kila neno. "Nyumba wameniachia. Nimepewa kazi ndogo. Mvua haiishi." Basi, ndiyo habari yote ya miezi minne.

Sasa niambie, hiyo kazi ndogo ni ipi? Magoti yako hayapandi tena hata ngazi ya dari, sembuse msitu. Nawajua kina Averne. Mtu akiacha kazi kwao anaacha na nyumba, awe mzee, awe mgonjwa, awe amewakatia magogo tangu enzi za babu yao. Mzee Maslen walimtoa mwezi uleule alioshindwa kuinua uma wa samadi. Wewe walikuachaje? Bwana Jocelyn Averne hajawahi kumwachia mtu kitu isipokuwa mafua.

Nakuuliza kwa sababu nakuja. Darasa langu la jioni limekodi basi kwa Jumapili tarehe 20. Ni watu wa kiwanda cha tumbaku, makondakta wawili na mjane mmoja anayebishana kuliko wote. Tumekuwa tukisoma jinsi ardhi ya nchi hii ilivyozungushiwa ua na wachache, nao wanataka kwenda kuona kwa macho yao. Wamechagua Marlcombe, na pale Marlcombe wamechagua pango. Nimewaeleza habari zake mpaka wamecheka. Averne wa kwanza mwenye fedha, fedha za sukari, na sukari unajua ililimwa na watu gani na kwa mijeledi ipi, alikuwa na vyumba vingi kuliko watu wa kuvilalia. Alikuwa na ziwa, farasi, kanisa na kasisi wake. Akatazama huku na huku akaona amekosa kitu kimoja tu, umaskini. Akaagiza ajengewe. Ndiyo hilo pango lisilo na mlima, limebandikwa kombe, magamba ya konokono wa bahari za mbali, na ndani yake akamweka mtu wa kukodi mwenye ndevu, akae akitafakari kifo ili wageni wakishashiba waende kumtazama.

Nasikia siku hizi wamelifungua kwa umma, kwa kiingilio. Tukimaliza nitapita kwako kunywa chai. Nitaleta keki ya tangawizi, usihangaike.

Mwanao,
Enid

*

Marlcombe, 6 Mei

Enid,

Barua yako imefika. Usije tarehe 20. Jumapili hiyo nimealikwa Frome kwa binamu yako Hester, mtoto wake anabatizwa. Njoo siku ya kazi, Jumanne ni nzuri, na uje peke yako bila basi.

Kazi ni ya kukaa. Nalinda mahali. Sisimami, sibebi, nina kiti. Bibi Rosalind Averne alikuja mwenyewe kuniomba, akakaa jikoni kwenye kiti cha mama yako na kula biskuti zangu zilizolainika bila kukunja uso. Wewe hujampenda tangu alipoolewa na Jocelyn, lakini Mzee Maslen alipokufa kule nyumba ya wazee Trowbridge, ni yeye peke yake aliyekwenda kumzika.

Unajua ninachokitaka na si kikubwa. Nataka kutoka nyumba hii mara moja tu, nikiwa nimebebwa, nipandishwe hiyo njia ya kanisani nikalale kando ya mama yako Ida. Mengine yote waachie watu wa darasa lako.

Pango halina kitu. Lina unyevu tu. Wapeleke Bath wakaone maduka.

Baba yako,
Amos Trowell

*

Bristol, 21 Mei

Baba,

Hester hana mtoto wa kubatizwa. Wa mwisho ana ndevu.

Nakuandikia mambo uliyoyaona mwenyewe, kwa kuwa uliyaona ukiwa umeinamisha kichwa. Nataka ujue yalivyoonekana kutoka upande wa pili wa kamba.

Tulipokelewa na mama mmoja mwenye kofia ya manyoya ya ndege, akatupanga mistari kama watoto wa shule ya Jumapili. Tukateremka njia ya mawe. Giza, maji yanadondoka, halafu ghafla mwanga kutoka juu na kuta zote zinang'aa. Nakiri ni kazi nzuri. Kombe kwa maelfu, za rangi ya waridi, nyeupe, kauri zilizopangwa kama meno. Yule mama akasema zilikusanywa na mabibi wa ukoo kwa mapenzi. Mjane wangu, Bi. Pugsley, akauliza kama mabibi hao walikwenda kuziokota Afrika wenyewe, kwa miguu mitupu. Yule mama akasema tusonge mbele tumwone mtawa.

Ukawa umekaa pale. Gunia limefungwa kamba kiunoni, ndevu mpaka kifuani, fuvu la plasta mezani, saa ya mchanga, Biblia kubwa. Na nyuma ya jiwe hita ya mafuta ya taa, ambayo nadhani walidhani haionekani. Mimi nilikuwa nyuma ya kundi nikiandika. Sikukutambua. Nasema kweli, nilikuwa natafuta maneno makali ya kumweleza huyo mzee maskini, na maneno yalikuwa yanakuja vizuri. Kisha ukakohoa.

Kikohozi kile nimekisikia utoto wangu wote kupitia ukuta wa mbao.

Wenzangu walifanya unavyojua. Len wa mabasi akakuuliza kama mkeo amekuruhusu kufuga kichaka hicho. Watu wakacheka. Mwingine akaweka peremende karibu na fuvu. Yule mama akaeleza kwamba mtawa haruhusiwi kunena, ndivyo ilivyokuwa desturi ya zamani, na ndivyo mkataba unavyosema. Mkataba! Nikapenya mbele mpaka kwenye kamba iliyowazuia wageni. Ulinitazama. Ulinijua. Nikakuuliza mbele yao wote:

"Mzee, una jina?"

Nawe ukainua kidole ukakiweka mdomoni, kama unavyomfanyia mgeni yeyote.

Nilirudi kwenye basi. Sikumwambia mtu. Len alinipa nusu ya mkate wake wa nyama, nikaula wote bila kuuhisi. Baba, wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti wa chama cha wakata miti wakati kuwa na chama ilikuwa kufukuzwa. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Wamekuvisha gunia na kukuweka mezani pamoja na fuvu, nawe umeita hiyo kuwa na kiti.

Enid

*

Marlcombe, 25 Mei

Enid,

Sasa unajua, vizuri. Nilikudanganya kuhusu Hester kwa sababu nilijua utakuja na uso ule uliokuja nao.

Umeniuliza jina langu mbele ya watu. Hukutaka jibu. Ulitaka nisimame, nivue gunia, nitoe hotuba, basi zima lipige makofi, nanyi mrudi Bristol mkiimba. Halafu mimi nirudi wapi? Maana jioni ileile ningemkuta mnyapara wao mlangoni kwangu.

Sikiliza mambo yalivyokuwa. Januari nilishindwa kazi. Jocelyn akaniandikia nitoke kufikia Machi. Bibi Rosalind akaja na wazo lake: watu wanapenda mambo ya zamani, pango lifunguliwe Jumapili na sikukuu, na awepo mtawa kama zamani. Nikikubali, nitabaki kwenye orodha ya wafanyakazi, na nyumba inabaki yangu. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Akacheka na yeye. Kisha nikakubali.

Wewe umesoma vitabu vingi kuliko kasisi, lakini hili hulijui kwa kuwa makaburi huyawazi. Mtu anayeishi ndani ya mipaka ya parokia ana haki ya kuzikwa penye kanisa lake. Hakuna wa kumzuia. Akihama, haki hiyo anaiacha kizingitini. Kuanzia hapo anaomba, na kasisi anakubali au anakataa, na kasisi wetu hajawahi kukubali kitu bila kutazama kwanza dirisha la kina Averne. Maslen aliomba azikwe kwa watu wake. Yuko Trowbridge, kati ya muuza samaki na mtu asiyejulikana. Nyumba hii, Enid, kwangu si paa. Ni mahali pangu kando ya mama yako.

Na gunia halinichomi kama unavyodhani. Kukaa kimya si kazi ngumu, tangu Ida aende nimefanya bure. Watu wakiachwa nyuma na wenzao husogea kwenye kamba na kuniambia mambo. Mama mmoja wa Swindon ameniambia jambo ambalo mumewe halijui. Kijana mmoja alilia. Wewe unalipwa kusema, mimi nalipwa kunyamaza, na kwa hesabu yangu ni mimi ninayesikia mengi.

Peremende ilikuwa ya mnanaa. Niliila.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke hapa. Usiliandike gazetini.

Baba

*

Bristol, 11 Juni

Baba mpendwa,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nimeisoma kazini, nimeisoma kitandani. Nimeandika majibu matatu nikayachana.

Makala itatoka Ijumaa hii. Ngoja, usiitupe barua. Jina lako halimo. Jina la Marlcombe halimo, wala la kina Averne. Nimeandika "mzee mmoja katika kaunti moja ya magharibi". Nimeandika juu ya nyumba za kazi, juu ya maelfu ya watu wanaolala kila usiku chini ya paa ambalo mwajiri anaweza kulikunja kama mwavuli. Nimelitumia pango kwa sababu katika miaka ishirini ya kuandika sijapata picha inayolisema jambo hili waziwazi hivi. Mwenye mali hakutosheka na jasho la mtu. Alipokwisha kulimaliza, akataka na uzee wake kwa mapambo. Ungekuwa umesoma haya juu ya baba wa mtu mwingine, ungenipigia makofi kwenye meza ya jikoni.

Uniombe kila kitu, usiniombe ninyamaze. Kunyamaza kwetu ndiko kulikojenga ziwa lao.

Kuhusu kaburi, nisamehe nikisema wazi. Mama hayupo pale. Pale kuna udongo wa kina Averne, na mifupa isiyojua ni ya parokia gani. Mama yumo katika kila kitu ulichonifundisha kukikataa. Mtu aliye hai hawezi kuvaa gunia kwa ajili ya shimo.

Nitakuja mwisho wa mwezi, tutaongea.

Mwanao daima,
Enid

*

Marlcombe House, 3 Julai

Bi. Trowell mpendwa,

Natumaini hutaona vibaya nikikuandikia, ingawa hatujazungumza tangu ulipokuwa msichana uliyekataa kunipigia goti penye sherehe ya mavuno. Nilikuheshimu siku ile, na hukuniuliza.

Makala yako tuliisoma kwa masikitiko. Hukututaja, na tunakushukuru kwa adabu hiyo, lakini mapango ya kombe katika kaunti hizi ni machache na lenye mtawa ni moja tu. Magazeti mawili ya London yamekwisha kutupigia simu. Jumapili iliyopita foleni ilifika kwenye mazizi.

Nataka kukwambia kwamba umetufumbua macho. Mume wangu na mimi tulidhani tunamsaidia Amos. Hatukufikiria unyevu, wala heshima yake. Umeandika kwamba kumweka mzee pale ni ukatili, nasi hatutaki kuwa watu wakatili, hasa sasa ambapo tunatazamwa. Aidha, chama cha waigizaji kimetuandikia, kikinukuu maneno yako, kwamba hiyo ni kazi ya uigizaji na ifanywe na mwenye ujuzi kwa malipo ya haki. Tumekubali bila ubishi. Amepatikana kijana mmoja, Crispin, kutoka jukwaa la Bath, mwenye sauti ya kupendeza. Atazungumza na wageni. Kwa kuwa mkataba wake unamtaka aishi karibu, atapewa nyumba ya njiani.

Ndiyo hiyo anayoishi baba yako. Tumempa mpaka mwisho wa Julai, na gari letu litabeba vitu vyake kokote atakakotaka. Nimechukulia kwamba atakuja kwako, kutokana na jinsi ulivyoandika kwa hisia kuhusu wajibu wa jamii kwa wazee wake.

Wako kwa dhati,
Rosalind Averne

*

Bristol, 5 Julai

Baba,

Usitie sahihi kitu chochote. Usifungue mlango. Wakileta gari, kaa kitini. Hawawezi kukutoa bila amri ya mahakama, na mahakama huchukua miezi. Nimemwona wakili wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, anasema hajapata kesi nzuri kama hii. Mzee mwenye miaka sabini na minne, nyumba aliyoishi miaka hamsini, anafukuzwa ili aingie mwigizaji wa mtawa! Atakuja na mpiga picha. Kesi yako inaweza kubadilisha sheria ya nchi nzima, Baba. Fikiria. Kila Maslen aliyebaki atalala salama kwa sababu ya Amos Trowell.

Na ukishindwa, chumba cha nyuma kipo. Nimekipaka rangi. Kina dirisha linalotazama mti, ingawa si wetu.

Nilikuja Jumamosi nikagonga. Nilisikia kikohozi. Najua ulikuwepo.

Nijibu.

Enid

*

Bristol, 20 Agosti

Baba,

Nimetoka Marlcombe. Penye dirisha la Mama kuna mapazia ya zambarau. Kijana mwenye shati wazi kifuani alinifungulia, akiwa amebandika nusu ya ndevu, akanikaribisha chai kwa furaha. Alikuwa amesikia mimi ni nani. Aliniambia makala yangu ndiyo iliyompa kazi, akaniomba niitie sahihi. Ameibandika jikoni.

Jirani akaniambia uko nyumba ya wazee Trowbridge. Nikapanda basi mpaka huko. Msimamizi akasema umelala. Saa tisa mchana, wewe, ambaye hujawahi kulala mchana hata siku ya Krismasi. Nimekaa ukumbini kwa muda mrefu na keki mapajani. Nikaiacha.

Wakili anauliza kwa nini uliondoka mwenyewe bila kungoja amri. Anasema umeua kesi. Nimemfokea, lakini na mimi nauliza.

Nitakuja tena. Niambie siku ambayo hutakuwa umelala.

Enid

*

Trowbridge, 16 Septemba

Enid,

Sikuwa nimelala. Keki ilikuwa nzuri, ila tangawizi ulizidisha, kama Ida.

Unauliza kwa nini sikungoja mahakama. Kwa sababu mahakamani ningeshindwa. Wewe unajua na wakili wako anajua, ndiyo maana alitaka kuja na mpiga picha. Aliyetolewa kwa amri ya mahakama hamwombi kasisi kitu baadaye. Aliyetoka kwa miguu yake akisema asante, anaweza kuomba. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga na ilinichukua usiku mmoja.

Wiki iliyopita walitupakia sisi wazee kwenye basi dogo kwenda matembezi. Hawakutuambia ni wapi mpaka tulipofika langoni. Nikateremka na wengine, nikashika kamba na wengine. Yule kijana yuko vizuri. Anasema maneno ya busara, anachekesha, amemfanya mama wa chumba jirani na changu ajisikie msichana. Akatueleza kwamba zamani pale walimweka mzee mmoja mnyonge, hajui hata kusoma, mpaka magazeti yakamkomboa. Bi. Gough, mmoja wa wazee wenzangu, akaninong'oneza, "Maskini we, hakuwa na watoto?" Nikamwambia nadhani alikuwa naye mmoja.

Sasa nikwambie jambo kabla hujalisoma kwenye gazeti. Bibi Rosalind huja hapa Alhamisi. Huleta mayai, hukaa, huniuliza miguu inaendeleaje, kisha husubiri jibu. Juzi alikuja na Jocelyn na karatasi. Kasisi yuko tayari kuandika kwenye kitabu cha kanisa kwamba mahali kando ya Ida Trowell ni pangu, japo nimetoka parokia. Atatia muhuri na hakuna atakayekuja kuufuta. Upande wao wanataka barua kwa gazeti lako. Kwamba mimi ndiye yule mzee, kwamba nilikaa pangoni kwa hiari na kwa furaha, kwamba kina Averne wamenitendea wema miaka yote, na kwamba aliyeandika habari zangu aliandika asiyoyajua kwa ajili ya kujitafutia jina.

Imeandikwa vizuri. Nadhani ni mkono wake Rosalind, Jocelyn hawezi kupanga sentensi. Niliisoma mara mbili. Nikamwuliza kama hayo ya mwisho yanaweza kuondolewa, kwa kuwa mengine ni uongo wa kawaida lakini hayo yanamhusu mwanangu. Akasema alijaribu, mumewe amekataa, bila hayo hakuna muhuri. Alisema hivyo akiwa ameona haya, nampa haki yake.

Nikatia sahihi. Itatoka Ijumaa.

Utakuwa na hamu ya kuijibu, na utaijibu vizuri kuliko walivyoiandika. Siwezi kukuzuia, na safari hii sikuombi, maana nimekuomba mara moja. Ila ujue ukiniita mwongo gazetini watasema sikutimiza upande wangu, na muhuri bado haujakauka.

Uliniambia mama yako hayupo pale. Labda. Mimi ndiye niliyechimba, kwa kuwa mchimba kaburi alikuwa na homa wiki ile, kwa hiyo najua nilimweka wapi.

Ukija siku ya kunizika, pita mlango wa kanisani. Kwenye lile lango kubwa watakutoza kiingilio.

Amos Trowell